Nina selimundu na natredi dhahabu: nifanyeje krisisi ikinikuta soko liko wazi?

"Shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Mwanza, nina selimundu tangu utotoni. Kazi ya kaunta niliiacha kwa sababu nilikuwa nakosa siku nyingi, sasa ni mwaka wa pili natredi dhahabu kwa simu. Akaunti ilikuwa na dola 900 na kitu, naingia na loti 0.10, yaani ndio ukubwa wa kila oda. Krisisi, yale maumivu makali ya selimundu, ikinipata siachi, maana nikiwa kitandani ndipo napata muda wa kukaa na chati. Tatizo tramadoli inanilewesha, kwa hiyo naichelewesha mpaka soko la New York litulie, kama saa tano usiku, ndipo nameza. Cha ajabu, mara kadhaa nimepata faida nzuri nikiwa na maumivu, hadi nahisi nikiumwa natulia kuliko nikiwa mzima. Lakini mwezi uliopita nilipoteza karibu nusu ya akaunti usiku mmoja, na sikumbuki vizuri nilivyoongeza zile oda. Imebaki dola 480. Mdogo wangu wa kiume anasema nimpe nenosiri awe ananishikia. Mwenzangu kwenye grupu anasema ukiumwa zima simu, basi. Lakini nikizima simu kila ninapoumwa sitakula, na hela ya kliniki natoa humo humo. Nifanyeje?"

Marahaba, dada, na pole sana kwa maumivu.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, umelitaja tu ukipita: kuchelewesha tramadoli hadi saa tano usiku. Hilo liache leo. Krisisi inapoanza, chembe nyekundu zilizojikunja umbo la mundu zinaziba mishipa midogo ya damu, na sehemu ya mwili iliyo mbele ya kizibo inakosa oksijeni. Ndiyo maana umefundishwa tangu mdogo kunywa maji mengi, kukaa kwenye joto na kuwahi dawa. Maumivu yaliyoachwa yapande ni magumu kuyashusha kuliko yaliyowahiwa. Ukiyangojesha soko, unajisogeza karibu na kulazwa.

Na hicho kichwa unachodhani unakilinda kwa kutomeza dawa, hukilindi. Maumivu makali kazi yake ni kuteka mazingatio yako yote ili uushughulikie mwili kwanza. Huwezi kuyaambia yasubiri ukimaliza kusoma chati. Kwa hiyo kutredi na maumivu yasiyotibiwa na kutredi umelewa tramadoli ni hatari mbili, na siku zote umekuwa ukichagua mojawapo ukidhani hiyo ndiyo nafuu.

Ujue pia anayekujibu ni nani. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la fedha za kigeni la benki, na sasa nafundisha watu kudhibiti hasara. Dozi yako na aina ya dawa zako ni mambo ya kliniki. Mimi nitakueleza kinachotokea maumivu, dawa na oda vinapokutana kwenye kichwa kimoja.

Mwenzako wa kwenye grupu amekupa ushauri mzuri, ila ni ushauri wa mtu mwenye mafua. Yeye akiumwa siku tatu anazima simu, anapona, anarudi. Wewe hujui krisisi ijayo itakuja lini, na mara nyingi itakukuta tayari una oda wazi. Ukingoja uumwe ndipo uamue kama unatredi au hutredi, unampa uamuzi mtu asiyeuweza, yaani wewe mwenyewe wa saa ile. Kila kitu lazima kiwe kimeamuliwa siku ambayo uko mzima, na kiandikwe.

Nieleze kwa nini nasisitiza hivyo. Mtu akiumwa, kichwa hakipungui nguvu kote kwa mara moja. Kinachoondoka mapema ni uwezo wa kushika mambo manne au matano kwa pamoja: bei iko wapi, kikomo cha hasara (bei ambayo oda hujifunga yenyewe) umekiweka wapi, ukubwa wa loti, oda nyingine zilizo wazi, habari za uchumi zinatoka saa ngapi. Maumivu yanakuachia nafasi ya jambo moja tu, na kwa kawaida linakuwa ile namba ya hasara au faida, nyekundu au ya buluu, chini ya skrini. Bado unajisikia unafikiri, maana namba ile unaiona vizuri. Haya mengine manne yameshatoka na hukuyaona yakiondoka.

Makosa ya vidole nayo huja hapo. Mwezi Desemba 2005 kampuni ya Mizuho Securities ya Japani ilitakiwa kuuza hisa 1 ya kampuni iitwayo J-Com kwa yeni 610,000. Ikaingizwa oda ya kuuza hisa 610,000 kwa yeni 1 kila moja. Hasara ilizidi dola milioni 200. Hiyo ni kampuni yenye wakaguzi na mifumo. Wewe uko peke yako kitandani, mkono unatetemeka, na kati ya 0.10 na 1.00 ni kugusa mara moja tu.

Sentensi iliyonishtua zaidi kwenye barua yako ni ile ya kwamba hukumbuki vizuri ulivyoongeza oda. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, dalali mmoja wa mafuta London, aliyekuwa amekunywa pombe tangu mwishoni mwa wiki, aliingia sokoni kutoka nyumbani na kununua mapipa zaidi ya milioni 7 bila idhini ya mtu yeyote. Bei ya mafuta ya Brent ilipanda usiku ule kwa sababu yake. Kampuni yake ilipoteza karibu dola milioni 10, naye akapigwa faini ya pauni 72,000 na kufungiwa kazi. Alipohojiwa, sehemu kubwa ya usiku ule hakuikumbuka. Sikufananishi na mlevi. Wewe unameza dawa uliyoandikiwa, kwa maumivu ya kweli. Nataka uone kwamba kidole kinaweza kuendelea kununua saa nyingi baada ya mwenye kidole kuondoka. Programu haikuulizi kama uko sawa.

Sasa tuje kwenye hilo la kutulia ukiwa unaumwa. Sikukatalii kwamba unajisikia hivyo. Lakini kwanza hakikisha. Fungua historia ya akaunti yako yote, chukua daftari, weka alama kwenye kila siku ya krisisi, kisha jumlisha faida na hasara za siku hizo peke yake, pamoja na ule usiku wa mwezi uliopita. Usijumlishe kwa kumbukumbu, maana kumbukumbu huhifadhi siku tulizoshangaa. Faida iliyopatikana na maumivu inakaa kichwani miaka. Hasara ndogo ndogo za wiki ileile zinasahaulika. Angalia pia chati ya siku zile ulizoshinda. Kama dhahabu ilikuwa inapanda moja kwa moja na wewe ulikuwa umenunua, soko ndilo lililokubeba.

Jambo la pili ni hiyo dawa yenyewe. Tramadoli iko katika jamii ya dawa za afyuni. Pamoja na kutuliza maumivu, inaweza kuleta usingizi, kizunguzungu na hali ya kuona kila kitu ni shwari. Mtredi anahitaji kuogopa kidogo. Ile hofu inayokukaba bei inapokuendea vibaya ndiyo inayokufanya ufunge. Ikizimwa, hasara ya dola 200 utaitazama kama inamhusu mtu mwingine, na utaongeza oda "kusawazisha bei", yaani kununua tena bei ikishuka ili wastani wa bei yako ushuke. Nadhani ndicho kilichotokea usiku ule. Hata parasetamoli ya kawaida ilijaribiwa huko Marekani: utafiti uliochapishwa 2020 uliwapa wanafunzi miligramu 1,000, nao wakathubutu hatari kidogo zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa. Tofauti ilikuwa ndogo, na tafadhali usiache parasetamoli kwa ajili ya hilo. Nimelitaja ili uone kwamba maumivu na tahadhari viko karibu sana mwilini, na ukigusa kimoja unaweza kugusa na kingine.

Wengine huamini ugonjwa humfanya mtu mwoga tu, kwa hiyo hauna madhara makubwa. Hiyo ni nusu ya habari. Watafiti wa Cambridge walichapisha mwaka 2014 jaribio ambalo watu waliongezewa homoni ya msongo kwa siku 8, nao wakawa waoga wa hatari kuliko kawaida. Upande mwingine, utafiti wa 2007 uliofanyika Singapore ulionyesha kuwa mtu aliyekosa usingizi ubongo wake huchangamkia zaidi faida anayoitarajia, na hauguswi sana na hasara iliyompata. Krisisi yako ina vyote viwili. Mwanzoni unafunga mapema tredi nzuri kwa woga, kisha usiku wa manane, dawa imeshaingia na usingizi hujaupata, unakuwa jasiri kuliko inavyofaa. Yaani unakata faida na kulea hasara. Kwa mpangilio huo hata mkakati mzuri kabisa utaunguza akaunti.

Kuna kitu kingine ambacho naona hujakihesabu. Unauliza kama ugonjwa unaharibu tredi zako. Jiulize pia kama tredi zinakuletea ugonjwa. Vichochezi vya krisisi unavijua kuliko mimi: kukaukiwa maji, baridi, uchovu, kukosa usingizi, msongo. Sasa tazama ratiba yako. New York inafungua saa tisa alasiri kwa saa zetu wakati wa majira yao ya joto, na saa kumi jioni wakati wa baridi yao. Takwimu za ajira za Marekani, ambazo huirusha sana dhahabu, kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nusu saa baada ya hapo. Tangazo la riba la benki kuu yao hutoka saa tatu usiku, au saa nne kutegemea msimu, na mkuu wa benki huanza kuzungumza nusu saa baadaye. Mtu anayefuata hayo anakula akiwa ameshika simu, anasahau maji, analala saa saba usiku. Kuna utafiti wa mwaka 1997 uliopima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo: utendaji wao ulishuka kufikia ule wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, saa 17 zinatimia saa tano usiku. Ndiyo saa yako ileile ya tramadoli.

Kama utaendelea kutredi, hamia mchana. London inafungua saa nne au saa tano asubuhi kwa saa zetu kutegemea msimu, na dhahabu hutembea vizuri tu. Kabla ya New York kuchangamka uwe umeshafunga, umekula, na chupa ya maji imeisha. Naamini badiliko hilo litakusaidia kuliko kiashiria chochote utakachoongeza kwenye chati.

Tuje kwenye hesabu, na hapa nitakuwa mkweli hata kama inauma. Loti 0.10 ya dhahabu ni wakia 10. Bei ikisogea dola 1, wewe unapata au unapoteza dola 10. Siku ya kawaida tu dhahabu inaweza kutembea dola 30, na hizo kwako ni dola 300. Kwenye akaunti ya 900 hiyo ilikuwa theluthi nzima. Kwenye 480 iliyobaki, ni zaidi ya asilimia 60 ya akaunti. Kwa loti hiyo hata mtu mwenye afya ya chuma, aliyelala kwa muda wa saa nane nzima, angeungua. Ukubwa unaoendana na dola 480 ni 0.01, na kikomo cha hasara dola 10 mbali na bei uliyoingilia. Ukikosea unapoteza dola 10, kama asilimia 2.

Najua utakachojibu: kwa 0.01 sitakula. Ni kweli, hutakula. Mtu akipata asilimia 5 kila mwezi bila kukosa, kiwango ambacho wataalamu wengi hawakifikii, kwa dola 480 anapata dola 24. Hakuna anayeishi Mwanza mwezi mzima kwa dola 24. Hicho ndicho kinachokusukuma kwenye 0.10, na ndicho kinachokuweka macho na maumivu. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilipochunguza akaunti za watredi wadogo wa bidhaa za aina hii mwaka 2018, ilikuta kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti hupoteza fedha. Wengi wa hao hawakuwa na selimundu. Kwa hiyo hela ya chakula na hela ya kliniki lazima zitoke kwingine, hata kama ni kidogo, hata kama ni kazi ya saa chache unayoweza kuifanya ukiwa umekaa. Ukilikataa hili, mengine yote niliyoandika hayatakufaa, kwa sababu siku ya krisisi njaa itakurudisha sokoni.

Kikomo cha hasara nacho kiweke wakati uleule unapoingia, kikae kwa broka, ile kampuni inayokuingizia oda sokoni, kisiwe cha kichwani. Lakini usikiamini kupita kiasi. Tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kiwango cha chini cha yuro dhidi ya faranga yake, ambacho ilikuwa ikikilinda. Ndani ya dakika chache bei ya yuro ilianguka mno, na watu waliokuwa na vikomo walifungiwa mbali sana na walipopanga. Broka mmoja mkubwa wa Uingereza, Alpari, alishindwa kulipa madeni yake wiki ileile. Kikomo hukulinda siku nyingi, na loti ndogo hukulinda hata siku hiyo. Kwa mtu ambaye krisisi inaweza kumkuta wakati wowote, nisingeacha oda wazi kuvuka wikiendi. Soko likifungwa Ijumaa usiku linaweza kufunguka na pengo, yaani bei ikiwa imeruka mbali na ilipoishia, na wewe Jumatatu uko wodini.

Kuhusu mdogo wako, ninauona upendo wake, lakini usimpe nenosiri la kutredi. Mabroka wengi hawaruhusu mtu mwingine aendeshe akaunti yako, na kukiwa na mgogoro utakosa pa kusimama. Zaidi ya hapo, utakuwa umempa mzigo wa hela yako ya dawa kijana asiyejua aufanye nini. Benki zina utaratibu wake. Dawati nilipokaa, ukiumwa mwenzako anazichukua oda zako zilizo wazi akiwa na maelekezo ya maandishi, na hatukuwa na ruhusa ya kuzifuata kwa simu kutoka nyumbani. Hata mkuu wa benki ya Lloyds ya Uingereza alikaa pembeni takriban miezi miwili mwishoni mwa 2011 kwa kuchoka na kukosa usingizi, na kiti kilishikwa na mwingine. Wewe huna mwingine wa kiwango hicho, basi usimtengeneze. Ikiwa mnatumia MetaTrader, ile programu ya kutredi, kuna nenosiri la kutazama tu, lisiloweza kufungua wala kufunga oda. Hilo mpe. Akiona oda mpya siku unayoumwa, kazi yake ni kuja kukunyang'anya simu. Mkubaliane leo, na umwahidi hutamgombeza.

Na kama krisisi itaanza una oda wazi? Funga zote mara tu unapohisi ile dalili yako ya kwanza, kabla ya kidonge. Kama ni faida ndogo, chukua. Kama ni hasara ndogo, ikubali. Ukichelewa na dawa umeshameza, usibadilishe chochote zaidi ya kufunga: usisogeze kikomo, usiongeze oda, usifungue ya upande wa pili eti kujikinga. Rudi sokoni ukiwa umemaliza dawa kali, umelala usiku mmoja mzima, na umeandika mpango wako wa siku kwa mkono bila kukosea namba. Kama unapenda masoko, na naona unayapenda, yapo yasiyodai ukae macho. Mfuko wa Ukwasi wa UTT, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unakuruhusu kutoa pesa ndani ya siku chache za kazi, na hisa za pale Dar es Salaam hazitakuamsha usiku. Faida yake ni ya polepole na haitakulipia pango. Ila hela iliyo humo haiungui usiku mmoja kwa sababu umelala.

Mwisho, kliniki. Usisubiri tarehe yako ya kawaida; nenda wiki hii, waambie kuhusu ule usiku usioukumbuka. Huenda ni tramadoli tu pamoja na kukosa usingizi. Lakini selimundu inaweza kuleta viharusi vidogo visivyoonekana, vinavyogusa umakini na upangaji wa mambo, na huo ni uchunguzi wa daktari, haufanyiki kwa kujibizana kwa maandishi. Waeleze pia umekuwa ukiimeza dawa saa ngapi, na kama umewahi kuimeza kwa sababu ya hasara na si ya maumivu. Hawatakuhukumu. Uliza kama haidroksiyurea inakufaa ikiwa bado hutumii, maana kwa wagonjwa wengi inapunguza idadi ya krisisi. Kama bima huna, pita ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ya serikali, ueleze hali yako na uombe msamaha wa gharama. Ofisi hiyo ipo kwa ajili ya watu walio kwenye hali kama yako.

Homa ikifika nyuzi 38, kifua kikibana au pumzi ikiwa fupi, kichwa kikiuma kuliko ulivyowahi kuumwa, upande mmoja wa mwili ukilegea au ulimi ukiwa mzito, usimalize hata kusoma bei. Amsha mtu, mwende hospitali saa hiyo hiyo, na simu ibaki kwa mdogo wako.